Karamu katika Kasri la Mfalme wa Ayalandi ya Kale: Ulafi au Mkataba?

Wasomaji wengi wanaokutana na fasihi ya Ayalandi ya zama za kati kwa mara ya kwanza huduwazwa na wingi wa chakula. Takriban kila ngano ina sufuria inayochemka, mashujaa wanaogombea mnofu, mfalme aliyelewa na malenga anayedai ng'ombe. Hitimisho la haraka huwa moja kati ya mawili. Wapo wanaouona ulafi wa watu washenzi, rai ambayo ilienezwa tangu karne ya 12 na waandishi waliofungamana na wavamizi kutoka Uingereza, akiwemo kasisi Gerald of Wales. Wapo nao wanaoona fahari tupu. Hao ni warithi wa wataalamu wa karne ya 19 kama George Petrie na Eugene O'Curry, ambao katika nchi iliyotawaliwa na wageni walitamani kuonyesha kwamba wahenga wao nao walikuwa na kumbi kubwa, vikombe vya dhahabu na adabu za mezani.

Makala haya yanashikilia kwamba rai zote mbili zinapotosha. Karamu katika kasri la mfalme wa Ayalandi ilikuwa, kwanza kabisa, taasisi ya kisheria. Hapo ndipo deni la mfalme kwa watu wake lilipolipwa hadharani, na hapo ndipo mfalme asiyelipa alipoumbuliwa. Kwa hiyo swali la msingi kwa mwanafunzi wa fasihi si walikula nini, bali ni nani aliyekuwa na uwezo wa kumdai mfalme chakula na heshima, na ni nani ambaye hakuwa na uwezo huo katu.

Yafaa neno "kasri" lenyewe lipunguzwe uzito kabla ya kwenda mbali. Kati ya karne ya 5 na ya 12 Ayalandi haikuwa na mfalme mmoja. Mwanahistoria Francis John Byrne, katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu wafalme wa nchi hiyo, alikadiria kuwa katika wakati wowote ule kulikuwa na wafalme wasiopungua 150. Wengi wao walitawala kabila moja dogo, lililoitwa túath. Mfalme wa aina hiyo aliwafahamu raia wake wengi kwa sura na pengine kwa ng'ombe wao. Sheria iitwayo Críth Gablach, iliyoandikwa yapata mwaka 700, inataja vipimo vya makao yake: boma la mviringo lililozungushiwa ukingo wa udongo na handaki, na ndani yake nyumba ya mbao yenye urefu wa futi 37. Hilo ndilo kasri. Chumba cha mihadhara cha wastani chaweza kulimeza. Makao mengine ya kifalme yalijengwa juu ya visiwa vilivyotengenezwa na binadamu ziwani, mathalani Lagore katika jimbo la Meath, palipokaa wafalme wa Brega ya Kusini. Wanaakiolojia walipachimbua kati ya mwaka 1934 na 1936, wakafukua mifupa mingi sana, hasa ya ng'ombe.

Ama ule "Ukumbi wa Karamu" wa Tara unaoonyeshwa watalii, yaani kingo mbili ndefu za udongo zilizosambamba mlimani, wanaakiolojia wa leo wanauona kuwa njia ya maandamano na ibada wala si mabaki ya nyumba. Petrie na wenzake waliyasoma maandishi ya karne ya 12, wakatazama mlima, wakaona walichotaka kukiona.

Chakula chenyewe kilifuata majira. Wakati wa kiangazi watu waliishi kwa maziwa: mabichi, ya mtindi, siagi na jibini za aina nyingi, laini na ngumu. Ng'ombe alithaminiwa kwa maziwa yake, kwa hivyo aliyechinjwa aghalabu alikuwa ndume mchanga au jike lililozeeka. Majira ya baridi yalikuwa ya nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, mkate wa shayiri au wa oti, na kwa wenye vyeo mkate wa ngano. Walikunywa pombe ya shayiri na, kwa nadra zaidi, pombe ya asali. Mvinyo uliletwa kwa meli kutoka bara Ulaya na ulikuwa wa wachache. Viazi, ambavyo ulimwengu mzima huvihusisha na Waayalandi, havikuwako kabisa, kwani viliwasili kutoka Marekani Kusini mwishoni mwa karne ya 16.

Chakula hiki kilitoka wapi? Hapa ndipo sura ya mkataba inapoanza kujitokeza. Mfalme, na kila bwana aliyekuwa chini yake, aliwakopesha watu huru mifugo au ardhi. Aliyepokea alikuwa céle, neno ambalo maana yake ya asili ni "mwenzi". Kila mwaka mwenzi huyo alirudisha malipo ya chakula: ng'ombe, nyama ya nguruwe iliyokaushwa, magunia ya kimea cha kutengenezea pombe, ngano, hata mishumaa. Fauka ya hayo, kati ya Mwaka Mpya na mwanzo wa Kwaresima bwana alikuwa na haki ya kuja na msafara wake kulishwa nyumbani mwa wafuasi wake. Idadi ya watu aliokuja nao iliwekewa mipaka na sheria. Bwana aliyezidisha msafara alikuwa mkosaji.

Kwa hiyo kilichoandaliwa mezani mwa mfalme kilikuwa kimepita kwanza katika zizi la mkulima. Mfalme hakuwa chemchemi ya neema kama ngano zinavyopenda kumsawiri. Alikuwa mfereji. Na mfereji ulioziba ulihesabiwa kuwa umeasi kazi yake. Críth Gablach inampangia mfalme wiki nzima, siku baada ya siku. Jumapili ni ya kunywa pombe pamoja na watu wake, kwani bwana asiyewaandalia pombe siku hiyo si bwana halali. Jumatatu ni ya hukumu, Jumanne ni ya kucheza fidchell, mchezo wa ubao uliopendwa na wenye vyeo, Jumatano ni ya kutazama mbwa wakiwinda, Alhamisi ni ya kulala na mkewe, Ijumaa ni ya mashindano ya farasi na Jumamosi ni ya hukumu tena. Yamkini hapakuwahi kuwa na mfalme aliyeifuata ratiba hii kama kengele ya shule. Hata hivyo, mwanasheria aliyeiandika alikuwa akisema jambo zito: kunywa pombe na raia ni wajibu wa kiserikali uliowekwa katika orodha moja na kuamua kesi.

Lugha nayo inatoa ushahidi, na hapa msomaji wa isimu atafurahi. Katika Kiayalandi cha kale laith ni pombe na flaith ni utawala. Watunzi hawakuchoka kuyachezea maneno haya mawili katika ngano ambamo mwanamke, aliye kielelezo cha mamlaka ya nchi, anamnywesha mfalme mteule kikombe. Jina la malkia Medb linatokana na mzizi unaohusiana na pombe ya asali na kulewa. Karamu kuu ya Tara, ambayo kumbukumbu za mwaka zinasema ilifanywa kwa mara ya mwisho na mfalme Diarmait mac Cerbaill katika karne ya 6, iliitwa feis. Neno hilo lilitokana na kitenzi chenye maana ya kulala usiku mahali. Mfalme "alilala" na nchi, akaioa, karamu ikawa arusi. Hadi leo arusi kwa Kiayalandi ni bainis, neno lililoundwa kwa bean, mwanamke, na feis hiyohiyo.

Tuingie ukumbini. Sheria hiyohiyo ya mwaka 700 inaeleza nani aliketi wapi, na maelezo yake yanafaa kusomwa taratibu kuliko hadithi yoyote ya mashujaa. Mfalme alikaa ndani, mbali na mlango, mkewe na hakimu wake karibu naye. Upande mmoja walikuwa wafuasi wake wenye vyeo na watu waliowekwa rehani na makabila mengine ili kuthibitisha utiifu. Upande wa pili walikuwa wajumbe, wageni, kisha malenga, kisha wapiga kinubi. Wapiga filimbi, wapiga baragumu na wafanya mazingaombwe walisukumwa pembeni, kusini-mashariki. Palikuwa na walinzi waliochaguliwa miongoni mwa watu ambao mfalme mwenyewe aliwatoa katika kifungo au hali ya kutwezwa, ili uaminifu wao uwe kwake peke yake. Karibu na mlango alikaa mtu wa silaha, mkuki wake mbele yake daima, kuzuia ghasia za walevi. Na katika pembe ya kaskazini-mashariki, ndani ya ukumbi uleule, walikaa rehani ambao makabila yao yalikuwa yamevunja ahadi. Hao walikuwa wamefungwa pingu. Karamu iliandaliwa mbele ya macho yao, nao walikuwa sehemu ya mapambo yake.

Nyama ilifuata mpango huo. Kitabu cha Leinster, hati ya karne ya 12, kina mchoro wa ukumbi wa Tara uliogawanywa vyumba kwa vyeo na fani, na kila fani imeandikiwa kipande chake cha nyama. Mapokeo mengine ya kisheria yanawapa waendesha magari ya vita kichwa. Mnofu ulikuwa cheti. Mtu aliyepewa kipande kisicho chake alikuwa ametukanwa mbele ya hadhira, na tusi hilo lilikuwa na bei.

Hii ndiyo sababu ngano za kugombea nyama si porojo za walafi. Katika ngano ya nguruwe wa Mac Dathó, mnyama aliyenenepeshwa kwa maziwa ya ng'ombe 60 kwa miaka saba, watu wa Ulster na wa Connacht wanashindania haki ya kukata nyama. Cet mac Mágach wa Connacht anawafedhehesha mashujaa wa Ulster mmoja baada ya mwingine, mpaka Conall Cernach anapoingia na kukikalia kiti chake. Conall anajikatia, anakula, na kuwaachia watu wa Connacht kwato mbili za mbele. Vita vinazuka papo hapo. Msomaji akicheka, anacheka sawasawa, kwa kuwa ngano imetungwa ili ichekeshe. Lakini watu hawakuuana kwa sababu ya njaa. Waliuana kwa sababu kwato mbili zilikuwa hukumu iliyotolewa na mtu asiye hakimu. Karamu ya Bricriu nayo, ambamo mashujaa watatu, Lóegaire, Conall na Cú Chulainn, wanachochewa kugombea fungu la shujaa, imejengwa juu ya msingi huohuo.

Sasa ni zamu ya malenga, ambaye ndiye kiini cha hoja hii. Mshairi wa daraja ya juu, fili, hakuwa mtumbuizaji. Madaraja yake yalikuwa saba, na aliyefika kileleni aliitwa ollam. Masomo yake, kwa mujibu wa miongozo ya utunzi, yalimchukua hadi miaka 12 ya kukariri ngano, nasaba, sheria na bahari za mashairi. Fidia ya heshima yake ililingana na ya mfalme wa túath, na alitembea na msafara kama mfalme. Silaha yake ilikuwa tashtiti. Sheria ilimtambua kuwa na haki ya kumtungia tashtiti mkubwa aliyekataa kulipa, naye mfalme aliyeivumilia tashtiti ya haki bila kujirekebisha alipoteza fidia ya heshima yake. Mfalme asiye na fidia ya heshima alikuwa mtu wa kawaida mwenye nyumba kubwa.

Ngano ya vita vya Mag Tuired inaeleza asili ya jambo hili. Mfalme Bres alikuwa mzuri wa sura lakini mchoyo. Watu walilalamika kwamba walitoka nyumbani kwake visu vikiwa vikavu, na katika pumzi zao hamna hata harufu ya pombe. Cairbre, malenga, alipomtembelea aliwekwa katika kibanda chembamba chenye giza, hamna moto wala kitanda, akaletewa mikate mitatu midogo, mikavu. Alipoamka asubuhi alimtungia Bres tashtiti, ya kwanza kabisa nchini Ayalandi kwa mujibu wa mapokeo. Tangu hapo mfalme akaanza kunyauka, na hatimaye akatakiwa ajiuzulu. Izingatiwe kwamba Bres hakushtakiwa kwa kushindwa vitani. Alishtakiwa kwa mikate mitatu.

Ni rahisi, kutokana na kisa kama hicho, kudai kwamba malenga wa Ayalandi alikuwa sauti ya umma. Wanafunzi wa fasihi simulizi wamezoea kauli kwamba msanii ni kioo cha jamii na mtetezi wa wanyonge, na hapa wanaonekana wamepata mfano wa kupigiwa. Lakini kauli hiyo inahitaji kupekuliwa. Cairbre alitunga kwa sababu Cairbre alilazwa njaa. Kama wakulima waliomlisha Bres wangelala njaa na Cairbre akashiba, je, pangekuwa na tashtiti? Ngano haijibu, lakini maandishi mengine yanaelekeza kwenye jibu lisilopendeza.

Mojawapo ni kisa cha Guaire, mfalme wa Connacht aliyefariki mwaka 663 na ambaye jina lake limekuwa methali ya ukarimu. Senchán, mkuu wa malenga, anamtembelea pamoja na malenga 150 na wanafunzi 150, bila kuwahesabu wake, watumishi na mbwa. Wanakaa wanavyotaka. Usiku mmoja baada ya mwingine mmoja wao anapiga kite kwa tamaa ya kitu kisichopatikana katika msimu huo, na mfalme anahaha kukitafuta, akiogopa ndimi zao. Aliyetunga kisa hiki aliwafahamu malenga vizuri na hakuwapenda. Ni tashtiti dhidi ya watunga tashtiti. Ndani yake uwezo wa kumwajibisha mfalme umegeuka kuwa kodi nyingine, na kodi, kama ilivyokwisha kuonyeshwa, haikutoka mfukoni mwa mfalme.

Kisa kizuri kupita vyote ni cha Mac Con Glinne, kilichotungwa yapata mwisho wa karne ya 11 au katika ya 12. Mhusika wake mkuu ni mwanafunzi. Amechoshwa na masomo na anataka kuwa malenga, kwa sababu zisizo za kinadharia: amesikia kwamba Cathal mac Finguine, mfalme wa Munster, ana chakula kingi. Cathal huyu aliishi kweli na alifariki mwaka 742, lakini katika kisa ana pepo wa ulafi tumboni anayekula nchi ikaisha. Mwanafunzi anatembea kutoka kaskazini hadi Cork, anafika katika nyumba ya wageni ya monasteri, anakuta mlango wazi kwa upepo na mvua, blanketi limejaa chawa na viroboto, na mlo wake ni kikombe cha maji ya mtindi. Anakitungia chakula hicho beti. Abati Manchín anaona kanisa limetukanwa, anaamuru achapwe, atoswe mtoni na kisha asulubiwe asubuhi. Usiku ule kijana anaota ndoto ya nchi iliyojengwa kwa chakula, kuanzia mashua hadi kuta za ngome. Ndoto hiyo inamwokoa, kwani inagunduliwa kuwa ndiyo dawa ya mfalme. Mac Con Glinne anamfunga Cathal kwa kamba, anachoma nyama mbele yake, anaipitisha karibu na mdomo wake na kuila mwenyewe, huku akisimulia ndoto kwa urefu. Pepo anashindwa kuvumilia, anachomoza kuufuata mnofu, ananaswa chini ya sufuria.

Hadithi hii imesomwa kama kichekesho, kama kebehi ya makasisi, kama mzaha juu ya fasihi ya njozi. Yote ni kweli. Lakini kuna jambo ambalo wahakiki hulipita upesi. Mfalme mlafi ni mfereji ulioziba: anachukua malipo ya chakula na hayarudi. Anayemtibu si shujaa wala askofu. Ni msomi mwenye njaa ambaye anamlazimisha, kwa muda wa masimulizi, asikie njaa. Je, alifanya hivyo kwa ajili ya nchi iliyoliwa? Kabla ya kuanza kazi alipatana kwanza kuhusu malipo, na malipo hayo yalihusu kondoo kutoka kila nyumba. Nchi iliokolewa kutoka kwa mlaji mmoja, kisha ikatozwa ada ya mganga. Mtunzi anaeleza mapatano hayo bila kukunja uso.

Basi raia wa kawaida, asiye na miaka 12 ya masomo wala beti za kutisha, alikuwa na nini? Sheria ilimpa chombo kimoja cha ajabu. Mtu mwenye madai dhidi ya mkubwa, awe mfalme, askofu au hata malenga, hakuruhusiwa kwenda kukamata mifugo yake moja kwa moja kama ambavyo angefanya kwa jirani. Alitakiwa kwanza kufunga kula mbele ya mlango wake. Utaratibu huu uliitwa troscud. Mdai alikaa nje na njaa, na mdaiwa ndani naye hakupaswa kula mpaka ametoa rehani au mdhamini kwamba atalipa. Aliyekula huku mtu amefunga mlangoni pake deni lake liliongezeka maradufu, na mkubwa aliyepuuza kabisa alipoteza haki zake machoni pa sheria. Kadhalika mdai aliyeendelea kufunga baada ya kupewa ahadi ya haki alipoteza madai yake.

Haifai kukitenganisha chombo hiki na karamu, ingawa vitabu vingi hukiweka katika sura ya mashtaka na kuiweka karamu katika sura ya chakula. Vyote viwili ni kitu kimoja kilichogeuzwa nje ndani. Heshima ya mfalme ilitegemea kuonekana akilisha. Mtu mmoja mwenye njaa mlangoni aliiharibu picha hiyo kwa namna ambayo mkuki haungeweza, kwa maana kila mgeni aliyeingia kunywa alimpita. Mkulima hakuwa na beti, lakini tumbo lake tupu lilisomeka. Ikiwa pana sauti ya umma katika kasri la Ayalandi, ilikuwa hapa, na haikutamka neno. (Wapo wanaovuta uzi kutoka troscud hadi kwa Terence MacSwiney, meya wa Cork aliyefariki gerezani mjini London mwaka 1920 baada ya kususia chakula kwa siku 74. Waliosusia walijua historia yao, lakini karne nyingi zimepita katikati na uzi huo usivutwe kwa nguvu.)

Hata hivyo troscud ilikuwa ya mtu huru. Kasri lilikuwa na watu wengine, na kwa hao sheria haina chombo chochote. Katika vitu vilivyofukuliwa Lagore kulikuwa na mnyororo wa chuma wenye pete ya shingoni. Mtumwa alikuwa mali, na akijeruhiwa fidia ilikwenda kwa mwenyewe. Wanawake walisaga nafaka kwa mawe ya mkono, kazi isiyokwisha katika nyumba iliyotakiwa kutoa pombe kila Jumapili. Mpangilio wa ukumbi, ulio makini hata kwa mfanya mazingaombwe na aliyefungwa pingu, hauwatengei nafasi ya kuketi. Katika ngano wanapita na sinia. Malenga aliyeaibisha mfalme kwa mikate mitatu hakuuliza nani aliyeioka.

Lakini jina lao limo katika kila ukurasa wa sheria, na hapo ndipo penye swali linalowahusu wanafunzi wa tafsiri moja kwa moja. Fidia ya heshima ya mfalme wa túath ilikuwa cumal saba. Cumal maana yake ni mtumwa wa kike. Neno hilo liligeuka kuwa kizio cha thamani, aghalabu sawa na ng'ombe watatu wa maziwa, likatumika hata kupimia ardhi. Watafsiri wa Kiingereza huliacha lilivyo kwa herufi za mlazo, au huliita kizio. Kufanya hivyo kuna mantiki, kwa sababu aliyelipa cumal mara nyingi alilipa ng'ombe au fedha, wala hakumkabidhi mtu. Lakini msomaji wa tafsiri hizo anaweza kumaliza sheria nzima bila kujua kwamba Waayalandi walipima heshima ya wafalme na malenga wao kwa miili ya wanawake.

Kiswahili kina neno linalolingana nalo barabara: mjakazi. Ni neno zito, lenye historia yake katika pwani hii, na halimruhusu msomaji kulipita bila kutazama. Mtafsiri atakayeishughulikia Críth Gablach kwa Kiswahili atashawishika kutumia "kizio" ili kuepuka usumbufu, na pengine mhariri atamshauri hivyo. Ashikilie msimamo. Aandike kwamba fidia ya mfalme ilikuwa wajakazi saba, na ya ollam vivyo hivyo, kisha suala la ng'ombe watatu liwekwe katika maelezo chini ya ukurasa.